Asali Isiyoghoshiwa

Mtunga Zaburi ya 19 alipotafuta kitu cha kulinganisha na hukumu za Bwana, alitaja asali, kisha akalitaja na sega lake. Sisi tunaoisoma Zaburi hiyo leo tunaelewa upesi thamani ya sega. Asali iliyo bado ndani ya sega haijapita kwenye sufuria ya mtu, wala haijakaa usiku kucha katika ghala la mchuuzi. Ikishakamuliwa na kutiwa kwenye chupa, swali huanza: je, hii ni asali ya kweli, au imechakachuliwa?

Swali hili tunalisikia mahali pengi. Tunalisikia stendi za mabasi za Singida, Manyoni na Tabora, mahali ambapo abiria hunyooshewa chupa dirishani. Tunalisikia nyumbani, mama anapotaka kijiko kimoja kwa ajili ya mtoto anayekohoa. Tunalisikia hata kwenye mnada wa mavuno baada ya ibada, pale mzee wa kanisa anapoinua chupa ya asali na mtu wa nyuma akanong'ona, "Hiyo ni sukari guru tu."

Huenda wengine wataona kwamba hili ni jambo la sokoni, halina nafasi katika kitabu cha imani. Sisi tunaona vingine. Ndani ya chupa hiyo mna maswali mawili ambayo Mkristo hawezi kuyakwepa. La kwanza ni la muuzaji: kuna ubaya gani kuongeza sukari kidogo, ikiwa hakuna atakayejua wala atakayeumwa? La pili ni la mnunuzi: tuna haki gani ya kumwita mtu mwongo, ikiwa hatuna njia ya kujua? Kwa kawaida tunahubiri juu ya la kwanza na kulisahau la pili.

Vipimo tunavyoviamini

Karibu kila mtu ana kipimo chake cha asali. Mmoja huchovya njiti ya kiberiti katika asali na kuiwasha. Ikiwaka, asali ni safi. Mwingine hudondosha tone katika glasi ya maji. Likizama bila kutawanyika, asali ni ya kweli. Wengine huimimina juu ya gazeti kuona kama italowana, au juu ya mchanga kuona kama itaviringika. Wako wanaosema sisimizi hawaikaribii asali safi. Na wengi wanasema asali ya kweli haigandi.

Vipimo hivi tumevirithi, tunavipenda, lakini havitupi tunachokitafuta. Njiti, gazeti na mchanga hupima jambo moja tu, yaani kiasi cha maji. Shira ya sukari iliyochemshwa hadi ikawa nzito itavishinda vyote, na itazama glasini bila kutawanyika, kwa kuwa ni nzito kama asali. Sisimizi hupenda utamu wowote wanaoufikia. Na kuganda si dalili ya udanganyifu hata kidogo. Asali ina sukari za namna mbili hasa, glukosi na fruktosi. Glukosi ikiwa nyingi, au hali ya hewa ikishuka hadi karibu nyuzi 14 za Sentigredi, hujitenga na kufanya chembechembe. Asali safi kabisa yaweza kuganda chupa nzima, na shira ya kughushi ikabaki laini mwaka mzima.

Tena iko asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo watu wengi nchini huithamini kuliko asali ya kawaida na kuinunua kwa bei ya juu. Ni nyepesi, ina uchachu, na kwa asili ina maji mengi zaidi. Ukiipima kwa njiti au kwa gazeti itashindwa. Hiyo ndiyo asali ambayo mzee wetu angeitafuta kwa ajili ya dawa, na vipimo vyetu vingemwambia kwamba ni feki.

Zipo maabara zenye vyombo bora kuliko njiti. Mimea ya miwa na mahindi hujenga sukari yake kwa njia tofauti na mimea mingi ambayo nyuki hufuata maua yake, na tofauti hiyo huacha alama ndani ya kaboni. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamekuwa wakiisoma alama hiyo ili kuigundua sukari ya miwa ndani ya asali. Wadanganyifu wakageukia shira ya mchele na ya kiazisukari, ambazo hazina alama hiyo, na wataalamu wakalazimika kutafuta njia nyingine. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza matokeo ya kuchunguza sampuli 320 za asali iliyoingia Ulaya kutoka nje: sampuli 147, yaani asilimia 46, zilitiliwa shaka. Neno lililotumika ni hilo, zilitiliwa shaka. Watu wenye mashine za gharama kubwa walipima maneno yao namna hiyo. Sisi wenye njiti moja ya kiberiti tunatoa hukumu mbele ya umati.

Asali hujulikana kwa njia iliyopitia

Kwa nini ni vigumu hivyo? Ni kwa sababu asali si utamu na uzito tu. Asali ni kazi iliyofanyika mahali fulani, na viumbe fulani, kwa njia fulani. Nyuki hufyonza mbochi, yaani maji matamu ya maua, ambayo mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji matupu. Huibeba katika kifuko kilicho tumboni, akifika mzingani huwapa wenzake mdomo kwa mdomo, na kila mmoja huongeza vimeng'enya vinavyoivunja sukari ya maua. Kisha huitandaza katika vyumba vya sega na kuipepea kwa mabawa mpaka maji yapungue hadi chini ya sehemu moja ya tano. Ndipo huifunika kwa nta. Mfugaji mwaminifu husubiri kifuniko hicho. Anayevuna kabla ya hapo anauza kitu ambacho nyuki hawajakimaliza, nacho kitachacha.

Sasa mfikirie mtu anayewawekea nyuki ndoo ya shira ya sukari karibu na mzinga wakati maua yamejaa porini. Nyuki wataichukua, wataibeba, wataipepea na kuifunika kwa nta. Atauza sega zima, na mnunuzi ataona sega kwa macho yake. Je, hiyo ni asali? Imetengenezwa na nyuki na imetoka mzingani. Lakini haikutoka katika ua lolote. Kuwalisha nyuki wakati wa ukame ili wasife ni huruma ya mfugaji kwa viumbe vyake; kuwatumia nyuki kama kiwanda cha kuifichia sukari ni jambo lingine. Tofauti ya mambo hayo mawili huwezi kuionja. Anaijua yule aliyekuwepo.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Ukweli wa asali umo katika habari yake, na habari hiyo twaipata kwa ushuhuda wa mtu. Kila anayenunua asali ananunua pia neno la jirani. Ndiyo maana kuighushi ni dhambi nzito kuliko inavyoonekana katika mizani.

Muuzaji mbele ya Amri ya Saba

Vijana wetu wa Kipaimara hujifunza katika Katekisimu Ndogo kwamba Amri ya Saba haikatazi wizi wa usiku peke yake. Luther anaeleza kwamba tusijipatie mali ya jirani kwa bidhaa za uongo au biashara ya hila, bali tumsaidie kuilinda na kuiongeza riziki yake. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 anakwenda mbali zaidi, akilitaja soko kama mahali ambapo wizi hufanyika mchana kweupe, na wezi wanaitwa watu wa heshima.

Mwenye kuongeza sukari atatuuliza: nimemdhuru nani? Sukari inaliwa kila siku. Aliyenunua amefurahi, amelamba kidole, amerudi kununua tena.

Tumjibu kwa upole, lakini tumjibu. Kwanza, amemnyang'anya mnunuzi haki ya kuchagua. Kuchanganya peke yake si dhambi. Mtu akiandika kwenye chupa "shira ya sukari yenye asali kidogo" na kuiuza kwa bei ya kitu hicho, hana hatia mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Hatia imo katika kukiita kitu jina lisilo lake na kupokea bei ya jina hilo. Pili, amemwibia mtu ambaye hayupo hata pale. Huko misitu ya miombo ya Sikonge au Manyoni yuko mfugaji aliyepanda mti mrefu kuutundika mzinga, akasubiri mvua, akasubiri maua, akaumwa na nyuki, akavuna ndoo moja. Lita zake chache haziwezi kushindana kwa bei na lita zilizoongezeka usiku mmoja jikoni. Aliyeongeza sukari amemshusha bei ndugu ambaye hajawahi kumwona.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, amekula imani ya watu. Akigundulika mmoja, kila chupa barabarani hutiliwa shaka. Neno lenyewe la kuchakachua tulilizoea kwa habari za mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli. Leo tunalitumia kwa maziwa, kwa mitihani, hata kwa kura. Jamii inapohitaji neno hilo kila siku, jambo kubwa kuliko sukari limepotea.

Nabii Isaya aliliona. Katika sura ya 1, mstari wa 22, anaulaumu mji kwamba fedha yake imekuwa takataka na divai yake imetiwa maji. Mara, katika mstari unaofuata, anataja wakuu walio rafiki wa wezi, na yatima na mjane ambao shauri lao halisikilizwi. Kwa nabii, divai iliyotiwa maji na mjane aliyedhulumiwa ni ukurasa mmoja. Amosi naye, katika sura ya 8, anawaona wafanyabiashara wanaongoja kwa hamu Sabato iishe ili wapunguze kipimo na kuuza takataka za ngano. Watu hao walikuwa wakishika Sabato. Walikuwa ibadani.

Hatusemi haya bila kuujua uzito wa maisha. Yuko mchuuzi ambaye ada ya shule inamsubiri nyumbani, na aliyemuuzia ndoo ya asali tayari alikuwa ameichanganya. Dhiki inaeleza kwa nini mtu alianguka, na inatudai tumsaidie ainuke. Lakini haiwezi kuugeuza uongo kuwa kweli, wala haiwezi kumfanya mfugaji wa Sikonge ndiye alipe deni la mchuuzi wa mjini.

Mnunuzi mbele ya Amri ya Nane

Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, kwa maana wengi wetu katika usharika hatuuzi asali, tunainunua.

Katika sehemu za baridi kama Lushoto, Njombe na Makete, asali mbichi ambayo haikupashwa moto mara nyingi huganda miezi ya Juni na Julai. Mama anaileta mnadani ikiwa imeganda, nyeupe chini ya chupa. Watu wanatazamana. Mmoja anasema, "Sukari hiyo, imejitenga." Hakuna aliyemshuhudia mama huyo akiweka sukari. Hata hivyo chupa inapita mkono kwa mkono bila dau, na mama anarudi nayo nyumbani pamoja na jina jipya. Mwaka unaofuata, akitaka kuepuka aibu, ataichemsha kwanza. Itabaki laini, itang'aa, nasi tutaishangilia. Lakini moto huo utakuwa umeua harufu yake na kudhoofisha vimeng'enya vilivyokuwa fahari yake. Sisi tuliokuwa tukitafuta asali mbichi ndio tutakuwa tumemfundisha kuiharibu.

Amri ya Nane inakataza kumshuhudia jirani uongo, na maelezo ya Luther yanatutaka tumtetee jirani, tumseme vema, na kuyaeleza matendo yake kwa namna iliyo njema. Kusema "asali hii ni feki" ni ushuhuda. Tusipokuwa na ushahidi, ni ushuhuda wa uongo hata kama kwa bahati tumepatia. Ni afadhali kusema "sijui" na kuuliza: mizinga yako iko wapi? Ulivuna lini? Nani aliichuja? Mfugaji wa kweli hufurahia maswali hayo. Atakueleza mti, msimu na mvua mpaka uchoke wewe kusikiliza.

Upo pia ulaghai wa mnunuzi. Tunataka asali safi kwa bei ya sukari. Tunashindana kumbana muuzaji mpaka bei ifike mahali ambapo asali halisi haiwezi kufika, kisha tunashangaa kilichomo chupani. Anayeng'ang'ania bei isiyowezekana amemwajiri mchakachuaji bila kumtajia mshahara.

Na tusiongezee asali sifa ambazo haina. Tumesikia ikisemwa katika vikundi vyetu vya maombi kwamba asali safi haimdhuru mwenye kisukari. Hiyo si kweli: asali halisi kabisa hupandisha sukari mwilini, na mgonjwa amsikilize daktari wake. Vilevile mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata iwe safi namna gani, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda. Kumsifu jirani na bidhaa yake ni vema. Sifa ya uongo nayo ni uchakachuaji.

Neno lililoghoshiwa

Wafasiri wa Biblia yetu ya Kiswahili wametuachia kitenzi kizuri ambacho sasa hatukitumii sana: kughoshi. Petro anawataka waamini wayatamani maziwa yasiyoghoshiwa, katika waraka wake wa kwanza, 2:2. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 2:17, anasema kwamba yeye na wenzake si kama wale wengi wanaolighoshi neno la Mungu. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Paulo kinatokana na neno la mchuuzi mdogo wa sokoni, mtu aliyesifika kwa kutia maji katika divai.

Hapo sisi tunaosimama mimbarini tunatajwa. Neno la Mungu nalo laweza kuongezewa sukari. Laweza kuahidi gari na nyumba mahali ambapo Kristo aliahidi msalaba na uwepo wake. Laweza kuondolewa wito wa toba ili lisikwame kooni mwa msikilizaji. Huteremka vizuri, na watu hurudi kununua tena.

Waumini nao wana njiti zao za kiberiti. Wanapima kwa ukubwa wa sauti, kwa wingi wa umati, kwa machozi, kwa suti ya mhubiri. Vipimo hivyo hupima uzito wa shira tu. Mdanganyifu mwenye bidii huvishinda vyote, na mtumishi mnyenyekevu katika mtaa wa mbali hushindwa vyote, kama ile asali ya nyuki wadogo.

Paulo anatoa alama nyingine. Anasema ananena kwa unyofu, kama mtu aliyetumwa na Mungu, na mbele za Mungu. Yaani anaulizwa maswali yale yale ya mfugaji: neno hili limetoka wapi, na limepita mbele ya macho ya nani? Neno lililotoka katika Maandiko na kumshuhudia Kristo aliyesulubiwa linaweza kuwa gumu msimu wa baridi. Linaweza kuganda mioyoni mwetu tusilipende. Ugumu huo si ushahidi kwamba limeharibika. Na Bwana mwenyewe alisema katika Mathayo 7 kwamba tutawatambua manabii kwa matunda yao, na matunda yanadai muda: lazima ukae na mti msimu baada ya msimu.

Tufanye nini

Tunashauri mambo machache ambayo usharika wowote unaweza kuanza nayo. Tuwajue wafugaji nyuki walio karibu nasi kwa majina, na tununue kwao msimu hata msimu, ili neno lao lipate historia. Vikundi vya ufugaji viandike kwenye kila chupa mahali na mwezi wa kuvuna, na vyenye uwezo vifuate taratibu za Shirika la Viwango Tanzania, maana mtu mwaminifu hana sababu ya kuogopa kupimwa. Kwenye mnada wa mavuno, mwendesha mnada aeleze wazi kwamba asali kuganda si kosa. Tulipe bei inayomwezesha mfugaji kubaki mwaminifu. Na yule aliyekuwa akichanganya, akija kwa mchungaji wake na kutubu, asitangazwe. Aondolewe dhambi kama mwenye dhambi mwingine yeyote, kisha asaidiwe kutafuta njia safi ya kulipa ada ya shule.

Hata tukifanya hayo yote, bado tutabaki tunainunua asali kwa kuliamini neno la mtu. Hatutapata njiti itakayotuondolea haja ya kuaminiana, wala hatudhani Mungu alikusudia tuipate. Alituweka majirani, akatupa amri mbili, moja ya kumlinda mnunuzi asiibiwe na moja ya kumlinda muuzaji asisingiziwe, naye anaona kilichomo ndani ya chupa kabla haijafunguliwa. Basi mwenye kuuza na auze mbele zake, na mwenye kununua anunue mbele zake.